Visi Haivunjiki, Alumini Ndiyo Inaachilia

Sisi wa sehemu ya ujenzi tumepewa kurasa katika namba hii ili tuandike juu ya kazi ya mikono, na tumechagua kitu kidogo sana, visi. Vitabu vya Tanzania vinaiita skrubu, na watu wa Mombasa wanasema parafujo, lakini ukienda sokoni hapa Kolwezi na kuomba parafujo utarudi mikono mitupu. Basi tutasema visi, na wa pwani watusamehe.

Juu ya nini visi? Kwa sababu mji wetu umejaa alumini. Zamani dirisha lilikuwa la mbao ao la chuma cha kuunganishwa kwa moto. Leo ukipita Dilala ao Manika utaona mafundi wa alumini barabarani, wanakata profili, wanatoboa, wanakaza visi, na jioni dirisha liko tayari. Si madirisha tu. Wanafanya milango, kuta za maduka, vipaa vya baraza, na wengine wanafunika nyumba kwa manjanja ya alumini pahali pa manjanja ya chuma. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu nyekundu, inapendeza macho. Sentimeta moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7, ya chuma ni karibu 7.8. Mtu mmoja anaweza kubeba peke yake mlango ambao ungekuwa wa chuma ungeomba watu wawili.

Lakini sisi wote tunajua mwezi wa 10 na wa 11 uko namna gani hapa. Mvua za kwanza zinatanguliwa na upepo, na upepo ule hauombi ruhusa. Manjanja linaloruka ni panga. Linaweza kukata mtu, linaweza kuanguka juu ya waya za umeme, na hata kama halikuumiza mtu, jamaa inabaki usiku kucha chini ya mvua na watoto. Sote tumesoma katika Mathayo 7 habari ya nyumba mbili, na wahubiri wengi wanasimama kwenye msingi. Ni vizuri. Ila upepo ukija, kitu cha kwanza kuondoka si msingi, ni paa, na paa linashikwa na visi.

Tuliuliza papa mmoja fundi kama visi zake zinatosha. Alitujibu: “Mwana, visi ni ya chuma. Iko nguvu. Haiwezi kupasuka.” Alisema kweli kabisa, visi yake haiwezi kupasuka. Lakini hilo silo swali. Tufanye hesabu pamoja, mwenye kalamu achukue kalamu.

Chukua visi ya milimeta 6.3, ile nene ya kujitoboza yenyewe inayotumiwa kwa paa. Ukiondoa nyuzi zake, kiini kinabaki kama milimeta 4.8, ni kusema milimeta mraba 18. Chuma cha visi hizi kimepikwa kuwa kigumu; tukikipa nguvu ya 600 N tu kwa kila milimeta mraba (kwa kweli kinaweza zaidi), visi itabeba 18 × 600 = 10,800 N kabla ya kukatika. Ni kama kutundika kilo 1,100, gari dogo nzima, kwenye visi moja. Papa fundi ana haki.

Sasa tazama upande wa pili. Visi imeingia ndani ya profili ya alumini yenye unene wa milimeta 2. Alumini ya madirisha mara nyingi ni ile inayoitwa 6063, na katika hali yake ya T5 kipimo cha chini cha nguvu yake ya kuvutwa ni 150 N kwa milimeta mraba. Ni laini mara nne na zaidi kuliko chuma cha visi. Na si alumini yote inayoshika visi. Inayoshika ni ile ndogo iliyoingia katikati ya nyuzi. Wataalamu wa Ulaya waliovuta visi nyingi katika maabara waliandika kanuni katika kitabu chao cha ujenzi wa alumini, Eurocode 9, sehemu inayohusu manjanja membamba. Kanuni inasema: nguvu ya kuchomoka ni 0.95 mara nguvu ya alumini, mara kipeo cha pili cha (unene × unene × unene × kipenyo cha visi). Kipeo cha pili hapa ni ile racine carrée ya darasani kwetu, √. Tuandike:

0.95 × 150 × √(2 × 2 × 2 × 6.3) = 0.95 × 150 × 7.1 = karibu 1,012 N.

Unaona? Visi inaweza 10,800, alumini inaachilia kwa 1,012. Mnyororo wa kilo elfu umefungwa kwenye pete ya kilo mia. Na kama profili ni ya milimeta 1 tu, sawa zile nyepesi zinazouzwa bei ndogo, hesabu inatoa 0.95 × 150 × √6.3 = 358 N, karibu kilo 36. Unene umepungua mara mbili, nguvu imepungua karibu mara tatu. Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanafikiri bati nusu ni nguvu nusu. Sivyo. Bati jembamba halikatiki tu kando ya nyuzi, linajikunja kwanza kuelekea juu, tundu linafunguka kama mdomo, na visi inatoka bila kelele nyingi.

Mwenye akili ya fizikia atauliza: kwa nini tusihesabu tu eneo la ukuta wa tundu? Mzingo wa visi ni 3.14 × 6.3, karibu milimeta 19.8, mara unene wa 2 ni 39.6, alumini inakatwa kwa karibu 0.6 ya nguvu yake ya kuvutwa, ni kusema 90 N. Jibu ni karibu 3,560 N. Hesabu ni safi na jibu ni la uongo, linazidi ukweli mara tatu na nusu. Linadai nyuzi zimeshika kila mahali na bati halijikunji hata kidogo. Kwa sababu hiyo duniani kote, pamoja na vitabu vyote vilivyoandikwa, watu wanaendelea kuvuta visi kwa mashine na kutazama. Kitabu hakijui tundu lako lilitobolewa na nani.

Sasa upepo. Upepo wa meta 30 kwa sekunde, ndio kilometa 108 kwa saa, ni dhoruba kubwa lakini si ndoto. Hapa kwetu, kwenye meta 1,400 na zaidi juu ya bahari, meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1. Kule Banana kwenye bahari ni karibu kilo 1.2. Msukumo wa upepo ni nusu ya 1 × 30 × 30, basi 450 N kwa meta mraba. Lakini upepo ukipita juu ya paa hausukumi chini, unanyonya kwenda juu, na kwenye pembe na kandokando mnyonyo unaweza kufika mara mbili ya hesabu hiyo, 900 N kwa meta mraba. Kama fundi ameweka visi chache, kila moja ikichunga nusu meta mraba, visi ya pembeni inavutwa kwa 450 N. Linganisha sasa. Profili ya milimeta 2 inabaki, ya milimeta 1 inaachilia. Visi ni ile ile, bei yake ni ile ile, na papa fundi amekaza kwa mkono ule ule.

Ndiyo maana tunasema: usipime visi, pima kiungo. Tena ukipima, usiandike tu namba ya mwisho. Andika pia namna gani kiungo kilikufa. Kuna namna nne. Visi inaweza kuchomoka kutoka profili ya chini, ile tuliyohesabu. Ao visi inabaki imara, lakini manjanja ya juu yanapanda na kupita juu ya kichwa chake, yanabaki na tundu kubwa la duara. Dawa yake ni rondeli pana yenye mpira chini, si visi ndefu zaidi. Ao nguvu inakuja upande, bati mbili zinateleza, tundu linakuwa refu kama yai na visi inalala. Ukiweka visi karibu sana na ukingo, alumini inapasuka hadi nje. Mafundi wazuri wanaacha kutoka katikati ya visi hadi ukingo mara mbili ao mara tatu ya kipenyo chake. Ya nne ni visi yenyewe kukatika, na katika alumini nyembamba ni ajabu kuiona. Mtu ambaye paa lake limeondoka na tundu ziko kubwa juu ya manjanja, kisha anaenda kununua visi ndefu, anatibu kichwa wakati tumbo ndilo linauma.

Tuje kwenye jaribio. Mashine ya kuvuta ya maabara ni ghali, lakini Arkimede hakuwa nayo. Wenzo unatosha.

Tafuta mti mgumu ulionyoka ao bomba la chuma, urefu sentimeta 110. Uweke juu ya egemeo la chuma chenye ukingo, hivi kwamba mkono mfupi uwe sentimeta 10 na mrefu uwe sentimeta 100. Chini ya mkono mfupi, funga kipande cha profili kwenye meza kwa vibano viwili vizito, meza nayo iwe nzito ao ifungwe sakafuni. Kunja chuma chembamba kama herufi U, kitoboe chini, pitisha visi ndani yake na uikaze katika profili kama fundi anavyokaza kazini. Ile U uining'inize kwenye mkono mfupi kwa shoka la chuma ao buloni nene. Kwenye mkono mrefu tundika ndoo. Ukimimina maji katika ndoo, mkono mrefu unashuka, mfupi unapanda na kuvuta visi juu kwa nguvu mara kumi. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi kila lita inavuta visi kwa kilo 10, ndio 98 N.

Wengi wanasahau kitu kimoja hapa, na tunaomba mkitie mstari chini: mti wenyewe una uzito. Tuseme ni wa kilo 3 na unene wake uko sawa toka mwanzo hadi mwisho. Katikati yake ni sentimeta 55, basi iko sentimeta 45 mbele ya egemeo, upande mrefu. 3 × 45 = 135; gawanya kwa 10; visi imekwisha kuvutwa kwa kilo 13.5 kabla hujaleta maji. Ndoo tupu ya kilo 1 inaongeza 10. Mwanafunzi anayehesabu maji peke yake ataandika namba ndogo kuliko ya kweli, na atafikiri amekuwa mwangalifu.

Mimina polepole, nusu lita kwa nusu lita, kwa kikombe kilichopimwa. Ngoja kidogo kati ya kimoja na kingine, sababu alumini inasogea taratibu kabla ya kuachilia. Weka tofali ao gogo chini ya ndoo, nafasi ya vidole vitatu tu, ili ikianguka isishuke mbali. Hakuna mguu chini ya ndoo, hakuna uso juu ya visi, na anayekaa karibu avae miwani. Visi inayoruka haichagui mwanafunzi mwema na mbaya.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba visi imechomoka kwenye lita 7. Nguvu yake ni (7 + 1) × 10 + 13.5 = kilo 93.5, mara 9.8, ni 916 N. Lakini usifunge daftari. Rudia mara tano, kila mara na tundu jipya na visi mpya, sababu nyuzi zilizokwisha kuvutwa si nyuzi tena. Tuseme umepata lita 7, 7.5, 8, 7.5 na 5. Ukijumlisha na kugawanya unapata 7, na wengine wataandika 7 na kwenda kula. Sisi tunauliza: ile ya 5 imepatwa na nini? Upepo hautafuti visi ya wastani. Unatafuta iliyo dhaifu, ikiachilia jirani zake wanabeba mzigo wake, nao wanaachilia mmoja baada ya mwingine kama zipu ya koti. Kwa ile ya 5 nguvu ilikuwa (5 + 1) × 10 + 13.5 = kilo 73.5, ni 720 N. Hiyo ndiyo namba ya kufikiria. Angalia tundu lake. Labda mashine ya kutoboa ilitikisika na tundu likawa pana. Labda visi iliingia upande. Labda mkono ulikaza kupita kiasi.

Juu ya kukaza kupita kiasi tunataka kukaa kidogo, sababu ndilo jambo la kila siku. Alumini ni laini. Visi ikifika mwisho, kichwa kikikaa, mkono wenye nguvu ao mashine ya umeme ikiendelea kuzungusha, nyuzi za alumini zinakatwa zote kwa robo ya mzunguko. Utasikia visi imekuwa nyepesi ghafula, inazunguka bule. Kwa macho, kiungo ni kizuri kabisa: kichwa kimekaa, mpira umebanwa, mwenye nyumba anafurahi. Kwa kweli pale hakuna kiungo, kuna kofia tu juu ya tundu. Jaribio lake ni rahisi: kaza visi tano vizuri na tano hadi zizunguke, kiisha zote zitie kwenye wenzo. Hatutawaambia mtapata nini, fanyeni. Fundi mwenye dhamiri visi ikizunguka bule anaiondoa, anatoboa tundu jingine mbali kidogo ao anatia visi nene zaidi. Hakuna mtu atamwona akiiacha, isipokuwa yeye mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wenzo wa maji hauonyeshi kwa siku moja. Tarehe 24 kuamkia 25 Desemba 1974, usiku wa Noeli, kimbunga kilichoitwa Tracy kilipiga mji wa Darwin, kaskazini ya Australia. Watu 66 walikufa, na nyumba nyingi za mji ziliharibika. Wahandisi walipotazama mapaa waliona jambo ambalo hawakulitegemea. Manjanja yalikuwa yamepimwa mbele kwa mzigo mkubwa wa mara moja, yakashinda. Lakini upepo haukuvuta mara moja. Ulivuta na kuachilia, ukavuta na kuachilia, maelfu ya mara usiku ule, na kandokando ya vichwa vya visi na misumari mipasuko midogo ilizaliwa, ikakua, mpaka manjanja yakapita juu ya vichwa. Ni sawa na kukunja waya huku na huku mpaka unakatika, ijapokuwa hakuna mtu anayeweza kuukata kwa kuuvuta. Baada ya hapo, kule Darwin, walidai manjanja na visi zake zivumilie mzigo uliorudiwa mara 10,000 kabla ya kukubaliwa. Manjanja yale mengi yalikuwa ya chuma. Alumini haina uvumilivu kuliko chuma katika jambo hili, tena kidogo zaidi. Sisi shuleni hatuwezi kufika 10,000, lakini watu wanne wakipokezana wanaweza kushusha na kuinua ndoo yenye nusu ya mzigo mara 500, kiisha kutazama tundu kwa kioo cha kukuzia.

Tena hapa kwetu hata siku isiyo na upepo viungo vinafanya kazi. Usiku wa mwezi wa 7 ni baridi, saa sita za mchana bati limewaka. Tukichukua tofauti ya digrii 40, manjanja ya alumini ya meta 6 yanarefuka kwa karibu milimeta 5.5, chuma cha urefu ule kingerefuka karibu 2.9. Kama alumini imefungwa juu ya mbao ao juu ya chuma, kila siku inasukuma visi huku, kila usiku inazivuta kule. Kwa hiyo kwa bati refu fundi anayejua kazi anaacha tundu za bati ziwe pana kidogo, na rondeli ya mpira inafunika nafasi ile. Ongeza mitikisiko ya migodi, sababu mji wetu umezungukwa na mashimo ya wazi, na kila mtu anajua saa ya baruti vyombo vinavyolia ndani ya kabati. Hatusemi baruti inachomoa visi. Tunasema kiungo kilichokaa miaka mitatu Kolwezi si kile kilichopimwa siku ya kwanza.

Na sasa shaba. Hii ni habari yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mahali pengine mtu anaweza kuishi maisha yote bila kuokota waya wa shaba. Hapa ndio kamba ya kufungia kila kitu. Alumini na shaba zikigusana, na maji ya mvua yakiwa katikati, zinakuwa betri. Somo la kemia la darasa la tano linatupa namba: alumini iko kwenye volti −1.66, shaba kwenye +0.34. Katika ndoa hiyo anayeliwa ni alumini. Hata tone linalotoka kwenye bomba la shaba na kuanguka juu ya bati la alumini linaleta chembe za shaba, na kila chembe inachimba shimo lake. Basi usifunge dirisha la alumini kwa visi ya shaba ao ya shaba ya manjano, ijapokuwa inapendeza na haishiki kutu. Usishone paa kwa waya wa shaba. Chukua visi ya chuma iliyopakwa zinki, ao ya chuma kisichoshika kutu, na mpira chini ya rondeli ili maji yasikae.

Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi ambayo inajitengeneza yenyewe hewani. Ngozi hiyo inavumilia maji ya kawaida, lakini inayeyuka katika asidi kali, na pia katika kitu ambacho wengi hawakifikirii, simenti mbichi. Ukizika mguu wa profili ndani ya simenti iliyo mbichi bila rangi ao lami, unaula toka siku ile. Ndiyo maana tunapendekeza jaribio la pili: tengeneza viungo ishirini vilivyo sawa, vuta kumi leo, na kumi vingine uviache juu ya paa la kipishi, vitano na rondeli ya mpira, vitano bila. Vivute mwisho wa mwaka. Anayefika darasa la sita atawarithisha wadogo wake matokeo.

Wengine watauliza kama basi alumini si ya kuaminiwa. Hapana. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, Mfaransa Jean Prouvé alisimamisha nyumba mbili za alumini mwaka 1951, baada ya kusimamisha nyingine Niamey mwaka 1949. Vipande vilitengenezwa kiwandani Ufaransa, vikaletwa na kuunganishwa hapo. Nyumba za Brazzaville zilikaa karibu miaka hamsini, na jua, na mvua, na hata matundu ya risasi za vita. Mwishoni walikuja watu, wakazifungua kipande kwa kipande, wakazipeleka Ulaya, na mwaka 2007 moja iliuzwa New York karibu dola milioni 5. Kama ni haki kuiondoa Afrika ni swali la kurasa nyingine. Sisi tunatazama viungo: viliweza kufunguliwa baada ya nusu karne na kufungwa tena.

Na viungo vinavyofunguka vina upande wao mwingine, tunaujua. Laini ya umeme ya Inga–Kolwezi, kilometa karibu 1,700, iliyomalizika 1982, inasimama juu ya nguzo za vyuma vilivyofungwa kwa buloni, na watu wamefungua vyuma vile na kwenda navyo. Kila kipande kilichoondoka kilimwachia jirani yake mzigo, sawa ile visi ya lita 5.

Wanaotaka kuanza wakusanye mabaki ya profili kwa mafundi wa alumini. Wengi wanayatoa bule ukiomba kwa heshima, na ukimwomba papa fundi aje kutazama jaribio atakuja, sababu hata yeye anataka kujua. Pima unene wa kila kipande kwa kalipa mbele ya kutoboa, andika, na weka alama.

Na hili ni zoezi, majibu yaletwe kwa mwalimu wa fizikia kabla ya namba ijayo. Kipaa cha baraza ni meta 3 kwa meta 4. Mnyonyo wa upepo ni 900 N kwa meta mraba mahali pote. Visi ni za milimeta 6.3, katika alumini ya 150 N kwa milimeta mraba, na kwa usalama kila nguvu ya kuchomoka igawanywe kwa 1.25. Zinahitajika visi ngapi kama profili ni ya milimeta 1? Ngapi kama ni ya milimeta 2? Na mwenye baraza akisema ana pesa ya visi 20 tu, utamshauri nini kabla ya mwezi wa 10?